Meneja anataka akili mnemba ichague wa kuajiri, nami ninyamaze

Swali: “Shikamoo. Mimi ni afisa rasilimali watu katika taasisi ya mikopo midogo hapa Mwanza. Tulitangaza nafasi sita za maafisa mikopo, yakaja maombi yapata mia nne. Meneja wangu akaniambia nisijisumbue kuyasoma: niyapakie yote kwenye ChatGPT, ile programu ya akili mnemba, inipe ishirini bora, hao ndio tuwaite kwenye usaili. Nimeshapakia kama theluthi kwa akaunti yangu ya bure. Ameniagiza pia niandike tathmini za mwaka za wafanyakazi kwa njia hiyohiyo, na nisimwambie mtu. Roho inanisuta. Lakini mimi mwenyewe kila siku naitumia kunyoosha barua zangu za Kiingereza, sasa nashindwa kujua nina haki gani ya kulalamika. Kosa liko wapi hasa, na nikikataa nikatae vipi?”

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la barua zako, maana naona ndilo linalokufunga ulimi. Umejihesabu mshirika, ndiyo maana unashindwa kusema.

Barua za Kiingereza hazina ubaya. Unajua unachotaka kusema, unakiandika, programu inanyoosha sarufi, unasoma tena, unatia saini. Kosa likibaki, aibu ni yako na kurekebisha ni juu yako. Tangu enzi za taipureta maofisa wamekuwa wakimpelekea katibu muhtasi rasimu zenye mikwaruzo azitengeneze, na hakuna aliyeitwa mwongo kwa hilo. Mpaka upo pale ambapo msomaji anayachukua maneno yako kama ushahidi wako: barua ya kumpendekeza mfanyakazi anayeomba masomo, barua ya onyo, maelezo ya ajali iliyotokea kazini. Hapo lugha inaweza kunyooshwa, lakini kila tukio, kila tarehe na kila sifa lazima vitoke kwako. Programu hizi hujaza mapengo kwa maneno mazuri. Ukiiomba barua ya kumpendekeza mtu bila kuipa habari zake, itakuandikia “mchapakazi, mbunifu, mwenye kushirikiana na wenzake”, hata kama ni mtu wa kuchelewa kila Jumatatu. Kwa hiyo endelea na barua zako, na usiruhusu mtu akunyamazishe kwa kukukumbusha kwamba nawe unaitumia.

Orodha ya ishirini ni jambo lingine kabisa. Barua ikiharibika unaumia wewe. Orodha ikiharibika anaumia kijana wa Sengerema aliyekopa nauli kwenda steshenari kuchapisha vyeti vyake, na hatajua kilichompata. Hicho ndicho kipimo ninachotaka ukishike katika mambo yote uliyoniuliza: uamuzi unaogusa riziki ya mtu sharti uwe na mwenyewe, mtu aliyesoma, anayeweza kuulizwa “kwa nini” na akatoa sababu yake. Meneja wako hajakuomba usaidiwe kazi. Amekuomba umwondoe huyo mwenyewe.

Tutazame kinachotokea unapopakia CV na kuandika “nipe bora ishirini”. Programu haina mizani ya ubora wa maafisa mikopo. Inachofanya ni kuunda maneno yanayoelekea kufuata yale uliyoipa, kwa mazoea iliyoyapata katika maandishi mengi mno, sehemu kubwa yakiwa ya Kiingereza na ya nchi za mbali na Mwanza. Itakupa orodha, na kila jina litakuja na sababu iliyopangwa vizuri, kiasi kwamba utadhani imepima. Lakini ukiipa maandishi marefu, haiyasomi kwa usawa. Watafiti walionyesha mwaka 2023 kwamba mifumo ya aina hii hushika vizuri zaidi yaliyo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu, na yaliyo katikati huyapoteza. Ukipakia CV hamsini kwa mkupuo, mwombaji wa ishirini na tano anaweza kukosa kazi kwa sababu ya nafasi aliyoangukia katika faili lako.

Kisha kuna jinsia na majina. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliachana na mfumo wake wa kuchuja waombaji baada ya kugundua unawashusha wanawake. Mfumo ulikuwa umefunzwa kwa CV za miaka kumi iliyopita, nyingi zikiwa za wanaume, ukahitimisha kwamba mwanamume ndiye anayefaa. Wahandisi walijaribu kuutibu, lakini hawakuweza kuwa na hakika kwamba hautapata njia nyingine ya kubagua. Mwaka 2024 waandishi wa shirika la habari la Bloomberg waliijaribu mojawapo ya programu zilizo nyuma ya ChatGPT kwa CV zenye sifa sawa, wakibadilisha majina tu, wakakuta majina yanayotambulika kuwa ya Wamarekani Weusi yanapangwa chini mara nyingi kuliko mengine katika baadhi ya kazi. Hakuna aliyeiagiza ifanye hivyo.

Unaweza kujaribu mwenyewe leo, bila taarifa za mtu yeyote. Tunga CV moja ya kubuni, itengenezee nakala sita, kila moja jina tofauti: la Kisukuma, la Kiislamu la pwani, la Kihindi, la Kizungu, la mwanamke na la mwanamume. Iombe izipange. Kisha zigeuze mpangilio, uombe tena. Ikikupa majibu mawili tofauti kwa watu walewale, utakuwa na hoja ambayo meneja hawezi kuipuuza, maana ataiona kwa macho yake.

Na hata bila upendeleo wa majina, fikiria ni nani anayefaa kazi mnayoitangaza. Afisa mikopo anapanda pikipiki kwenda Buchosa, anakaa na kikundi cha kina mama chini ya mwembe, anajua kumwambia mtu hapana bila kumvunjia heshima. Katika hao mia nne yumo bila shaka mtu aliyekuwa mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, kwa miaka minne, au aliyeendesha uwakala wa pesa kwa simu pasipo hata shilingi kupotea. Kwa kazi yenu huo ni uzoefu kuliko mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu katika ofisi yenye kiyoyozi. Wewe ukiiona hiyo VICOBA kwenye mstari wa mwisho wa CV iliyochapwa vibaya, utasimama. Programu haikuahidi kusimama. Itakachokipenda ni CV yenye Kiingereza laini na vichwa vya habari vilivyopangiliwa, ambayo siku hizi mara nyingi imeandikwa na programu nyingine ya aina hiyohiyo. Wapo pia waombaji wanaoficha ndani ya CV maandishi meupe yasiyoonekana kwa jicho, yakiiagiza programu iwaweke juu. Anayeumizwa na mchezo huo ni yule aliyeandika ukweli wake kwa mkono wake.

Sasa sheria, maana meneja wako atakuambia haya ni mambo ya maadili tu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi mingi: kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mingineyo. Kinga hiyo haimlindi mwajiriwa peke yake, inamfikia na anayeomba kazi, na vigezo vya kuchagua waombaji vimo ndani yake. Mwombaji akionyesha dalili za kubaguliwa, kazi ya kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi inahamia kwa mwajiri. Mtathibitisha kwa kitu gani? Kwa mazungumzo yaliyomo kwenye simu yako? Mfumo wenyewe ukiulizwa leo kwa nini haukumchagua fulani, utatunga sababu mpya papo hapo, na kesho utatunga nyingine.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaitaka taasisi yenu iwe imesajiliwa katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikusanye taarifa kwa lengo lililotajwa na kuzitumia kwa lengo hilo, izilinde, na isizisafirishe nje ya nchi kinyume cha masharti. Na inagusa jambo lenu moja kwa moja: mtu ana haki ya kutaka uamuzi wenye athari kubwa kwake usitokane na mashine peke yake, na ukishafanyika kwa namna hiyo, ana haki ya kujulishwa na kuomba uangaliwe upya. Wasomaji wangu wa Kenya haki inayofanana na hiyo wanayo katika kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Utaona basi kwamba lile agizo la “usimwambie mtu” linagongana na sheria yenyewe. Huwezi kumjulisha mtu na papo hapo kumficha.

Kuhusu hiyo theluthi uliyokwisha kupakia, usiingiwe na hofu, ila usikae nayo pia. Katika CV za kwetu mna namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya simu, mahali pa kuzaliwa, wakati mwingine dini na idadi ya watoto, na simu za wadhamini watatu ambao hawakuomba kazi yoyote. Vyote vimeondoka ofisini vikaingia kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo, kupitia akaunti ambayo taasisi yako haina mkataba nayo. Katika akaunti ya bure, usipozima mpangilio unaohusika, mazungumzo yako yanaweza kutumika kuifunza mifumo yao. Mwaka 2023 wahandisi wa Samsung walibandika humo misimbo ya siri ya programu za kampuni wakitafuta msaada wa kawaida tu wa kazi, na Mei mwaka huo kampuni ikapiga marufuku matumizi ya programu hizo. Walikuwa watu wa teknolojia wa kampuni kubwa, kwa hiyo usidhani wewe peke yako ndiye uliyeteleza.

Fanya hivi. Acha kupakia. Andika mahali majina ya faili ulizopakia na siku ulizopakia, kisha futa mazungumzo hayo kwenye akaunti na uzime huo mpangilio wa mafunzo. Mweleze anayeshughulikia ulinzi wa taarifa katika taasisi yenu, au mwanasheria wenu kama hayupo, ili yeye apime kama Tume inapaswa kuarifiwa. Hao waombaji warudishwe kwenye rundo wasomwe upya pamoja na wengine. Tupa matokeo ya programu, wala usiyatazame “kwa kulinganisha tu”, maana ukishaona kwamba fulani alishika nafasi ya tatu, jicho lako halitamsoma tena kwa haki.

Tathmini za mwaka zinanitia wasiwasi zaidi kuliko hata usaili, na nitakaa hapo kidogo.

Mwombaji aliyekosa usaili ataomba kwingine. Mfanyakazi aliyeandikiwa tathmini mbaya anabaki nayo kwenye jalada. Itatolewa siku ya kupandishwa cheo, itatolewa siku ya kupunguza watu. Kwa sheria yetu huwezi kumwachisha mtu kazi bila sababu halali na utaratibu wa haki, na sababu ya utendaji duni inasimama juu ya karatasi kama hizo. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, msuluhishi atauliza: nani aliyeona utendaji huu duni, lini, na mfanyakazi aliambiwa nini? Tathmini iliyotungwa na programu kutokana na mistari miwili mliyoipa haina jibu. Itasema “anahitaji kuboresha usimamizi wa muda” kwa sababu tathmini nyingi duniani zina sentensi hiyo.

Kuna kesi ya New York ya mwaka 2023 ambayo kila anayetia saini nyaraka angefaa kuijua. Mawakili walipeleka mahakamani hoja yenye hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zote zimetungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama kesi zile ni za kweli, ikamjibu kwamba ni za kweli. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Kumbuka hapo walioadhibiwa: ni mawakili, akiwemo aliyetia saini. Na wewe ukitia saini chini ya tathmini usiyoiandika, inayomhusu mtu ambaye hukumsimamia, siku ya siku atakayesimama kuieleza ni wewe. Meneja aliyekuagiza kwa mdomo atakuwa hana karatasi inayomtaja.

Hata hivyo sitaki uikimbie programu kwenye tathmini moja kwa moja. Msimamizi wa tawi aliyekaa na mfanyakazi mwaka mzima aandike kwa Kiswahili chake, hata kwa vipande: amefungua vikundi vingapi, marejesho yakoje, mwezi wa sita alimwacha mteja akisubiri, Septemba alimsaidia mwenzake aliyeuguliwa. Mfanyakazi ayasome hayo, ayajibu. Yakishakubaliwa, ondoa jina na kila kinachomtambulisha, kisha ukitaka programu ikusaidie kuyapanga katika fomu au kuyatia Kiingereza cha makao makuu, sina pingamizi, mradi utumie akaunti ambayo ofisi imeidhinisha na usome kila mstari kabla ya kusaini. Ikiongeza sifa au dosari ambayo msimamizi hakuitaja, ifute.

Nirudi kwenye usiri, kwa sababu agizo la kunyamaza limebeba jambo jingine pia. Anayekuambia usimwambie mtu anajua tayari kwamba waombaji wakisikia hawatakubali. Na siri hizi hazidumu. Australia, mwaka 2025, kampuni ya ushauri ya Deloitte ilirudisha sehemu ya malipo ya serikali kwa ripoti iliyogharimu takriban dola 440,000 za nchi hiyo, baada ya msomaji mmoja makini kukuta marejeo ya maandiko yasiyokuwepo na nukuu ya hukumu ambayo jaji hakuitamka. Matumizi ya akili mnemba yakatajwa katika toleo lililosahihishwa, baada ya fedheha. Wangeyasema mapema na kuyakagua, pengine pasingekuwa na habari ya kuandika.

Wala usitegemee kisingizio cha kwamba mashine ndiyo iliyokosea. Shirika la ndege la Air Canada lilikijaribu. Abiria aliyefiwa na bibi yake aliuliza kwenye tovuti yao kuhusu nauli nafuu ya msiba, roboti ya mazungumzo ikampa maelezo yasiyo sahihi, naye akakata tiketi kwa kuyaamini. Alipodai, shirika likajitetea kana kwamba roboti ile ni mtu mwingine anayejibeba mwenyewe. Mwezi Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia likakataa utetezi huo na kuliamuru shirika limlipe. Kilichomo kwenye tovuti yako ni chako, iwe umekiandika au kimeandikwa na programu.

Kuna jambo hukuniuliza, lakini siwezi kuzungumzia uadilifu wa vyombo hivi kazini nikaliruka, maana limetokea jirani. Ile adabu unayoiona kwenye ChatGPT, ya kutotukana na kukwepa mambo ya kutisha, ilitengenezwa kwa sehemu na vijana wa Nairobi. Jarida la TIME lilieleza Januari 2023 jinsi wafanyakazi wa kampuni ya Sama, iliyopewa kazi hiyo na OpenAI, wenye ChatGPT, walivyosoma na kuweka alama maandishi ya ukatili na udhalilishaji wa watoto kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Baadhi walisema kazi ile iliwajeruhi akili. Tarehe 1 Mei mwaka huo wasimamizi wa maudhui, yaani wanaochuja maudhui mabaya, zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Nakuambia hili kwa sababu meneja wako anaizungumzia programu kama kitu kinachofanya kazi bila watu. Watu wamo, na wengine wanazungumza Kiswahili kama wewe.

Basi tufanye hesabu ya hayo maombi mia nne. Mchujo wa kwanza hauhitaji akili ya mtu wala ya mashine. Ni kutazama yale tangazo liliyoyataka: stashahada ipo au haipo, leseni ya pikipiki ya daraja A ipo au haipo, barua ya maombi imeambatishwa au la. Dakika moja kwa kila ombi ni dakika mia nne. Mkigawana watu wawili, kila mmoja ana saa tatu na ushee. Tuseme wamebaki 120. Hao wasomwe na nyote wawili, kila mmoja peke yake, dakika tano kwa kila mmoja, mkijaza karatasi ya alama mliyoiandaa kabla hamjafungua hata bahasha moja. Hizo ni saa kumi kwa kila msomaji. Jumla ni siku mbili za kazi, kwa ajira sita za watu watakaokabidhiwa fedha za wateja wenu. Palipo na tofauti kubwa ya alama, kaeni mjadili. Zile karatasi zihifadhiwe kwenye jalada, kila moja na jina la msomaji.

Na programu? Ina nafasi yake hapo. Ikutungie maswali ya usaili kutokana na majukumu yaliyomo kwenye tangazo, uchague mazuri. Ikuandalie kisa cha majaribio: mteja amechelewesha marejesho wiki tatu na mumewe amelazwa Bugando, utafanyaje? Ikuandikie barua ya heshima kwa waliokosa, ambayo ofisi nyingi hazitumi kabisa, jambo linaloniudhi kuliko akili mnemba yoyote. Hakuna mtu anayeumizwa na matumizi hayo, na yatakuokolea muda wa kweli.

Kumkatalia meneja usifanye koridoni wala kwa WhatsApp. Andika dokezo fupi, bila neno la lawama, kwa namna hii:

“YAH: Utaratibu wa kuchuja maombi ya nafasi za maafisa mikopo. Tafadhali rejea maelekezo yako ya mdomo kuhusu mada tajwa hapo juu. Maombi yaliyopokelewa yana taarifa binafsi za waombaji na wadhamini wao, zikiwemo namba za NIDA. Kuyapakia kwenye akaunti isiyo ya taasisi kunaweza kutuweka matatani chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aidha, tukitakiwa kueleza sababu za mwombaji kutoitwa, hatutakuwa na kumbukumbu ya kuonyesha. Nashauri tuchuje kwa vigezo vya tangazo, maofisa wawili wakisoma, kazi itakayochukua siku mbili. Maombi yapata theluthi niliyokwisha kuyapakia nimeyaorodhesha na kuyaondoa, na nimesitisha upakiaji nikisubiri maelekezo yako ya maandishi. Naomba kuwasilisha.”

Angalia kwamba umemletea njia nyingine badala ya pingamizi tupu, na umeitaja taasisi kuwa ndiyo iliyo hatarini, jambo ambalo ni kweli. Mameneja wengi wakifika kwenye maneno “maelekezo yako ya maandishi” hujikuta wamekumbuka kwamba siku mbili si nyingi. Akishikilia vilevile, basi ayaandike, nawe umpelekee mwanasheria au mkaguzi wa ndani kabla ya kugusa faili moja zaidi. Usichukue nyaraka za waombaji nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Hapo utakuwa umevunja sheria ileile unayoitetea. Nakala ya dokezo lako lenye muhuri wa kupokelewa inatosha.

Kwa ajira zijazo, ingizeni sentensi hii kwenye tangazo lenyewe, mwombaji aisome kabla hajatuma kitu: “Maombi yote yatasomwa na maofisa wa taasisi. Hatutumii programu ya kompyuta kuamua nani aitwe kwenye usaili. Mwombaji anayetaka kujua sababu za kutoitwa anaweza kutuandikia ndani ya siku thelathini, naye atajibiwa.” Kabla ya kuichapisha, hakikisha mmekubaliana nani atakayewajibu, na jina lake liwekwe kwenye jalada la ajira.